Mwenye Inchi na Mwenye Kutawala

Katika mkutano wa makatekista uliofanyika Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, mzee mmoja alitoa neno lililotunyamazisha sote. Tulikuwa tukieleza amri ya nne, namna Mkristu anavyopaswa kuheshimu wazazi na vilevile wakubwa wa inchi. Mzee akainua mkono, akasema: "Padri, wakubwa gani? Barabara hii imechimbwa na mwenye shamba. Daraja, ni yeye aliyetia mbao. Mtoto akiugua usiku, gari ni lake. Serkali tunaisikia siku ya kodi tu. Kwa nini tusiseme waziwazi kwamba mwenye kilima ndiye serkali yetu, na maneno yakaisha?"

Wenzake walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Wengi wao wanaishi kwa salongo: siku kadhaa za juma wanafanya kazi bure katika shamba la mwenye kilima, kusudi waachiwe kipande cha kupanda maharagwe na viazi. Siku ile tulijibu haraka, na jibu letu halikumshibisha mtu. Tumeona vema kulitafuta jibu lililo bora katika historia, kwani swali la mzee si dogo, tena si la Masisi peke yake.

Huko Marekani wamekuwako watu wenye elimu waliofundisha jambo hilo hilo. Spencer Heath aliliandika katika kitabu mwaka wa 1957, na mjukuu wake Spencer MacCallum akalifuata mwaka wa 1970. Mfano wao ni hoteli. Ndani ya hoteli mna njia, taa, maji, walinzi, mahali pa kusalia hata. Ni kama mji mdogo. Lakini hakuna kura wala kodi: kuna mwenye nyumba mmoja anayepangisha, na mgeni anayelipa. Mwenye nyumba atawatunza wageni vizuri, si kwa sababu ni mtakatifu, bali kwa sababu nyumba yake itapoteza bei wakiondoka. Basi, wanasema, kwa nini mji mzima usitawaliwe hivyo? Katika inchi ya Honduras sheria ya mwaka wa 2013 ilifungua njia kwa miji ya namna hiyo, na kwenye kisiwa cha Roatán ukaanzishwa mji unaoitwa Próspera. Lakini mwaka wa 2022 Bunge la Honduras likaifuta sheria ile.

Tusiicheke fikira hiyo. Mtu aliyeona ofisi za serkali zisizo na karatasi wala kalamu, na askari asiyelipwa anayejilipa mwenyewe barabarani, hawezi kuwacheka wanaotafuta njia nyingine. Lakini sisi Wakongo tuna faida moja ya huzuni: jambo wanalolitafakari wengine vitabuni, baba zetu wamekwisha kuliishi. Tuwaulize hao.

I. Inchi nzima yenye mwenyewe mmoja

Mwaka wa 1885 Kongo ilipata kuwa dola, lakini haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, aliyekuwa mfalme huko kwao kwa sheria za Wabelgiji, na huku kwetu bwana pasipo bunge. Tarehe 1 Julai 1885 sheria yake ilitangaza kwamba inchi zote zisizo na mtu ni mali ya Serkali. Lakini nani alikuja kupima inchi isiyo na mtu? Shamba lililopumzishwa miaka saba, msitu wa kuwinda, pori la kuni na uyoga, kilima cha makaburi ya wazee, vyote vilionekana vitupu machoni pa mtu aliyekaa mbali. Hivyo kwa mistari michache mwenyeji akageuka mpangaji, na yeye hakuambiwa.

Mwaka wa 1896 mfalme alijikatia sehemu yake kubwa, Domaine de la Couronne, na sehemu nyingine zilikuwa za kompani za mpira. Yaliyofuata tunayajua: mateka, viboko, vijiji vilivyochomwa. Tume ya uchunguzi ya miaka ya 1904 na 1905, iliyotumwa na mfalme mwenyewe, haikuweza kuyaficha. Mwaka wa 1908 Ubelgiji ilimwondolea Kongo mkononi.

Hapa tunaliona kosa la kwanza la mfano wa hoteli. Mgeni wa hoteli ana kwao. Asiporidhika anafunga mzigo wake na kwenda, na kwa hiyo mwenye nyumba anamwogopa. Mtu wa mtoni aliyeamriwa kuleta mpira hakuwa na kwao pengine. Kwao ni pale pale, na yeye alikuwako kabla ya hoteli kujengwa. Alipokimbilia msituni alifuatwa na askari. Pasipo mlango wa kutokea, faida ya mwenye nyumba haimlindi mgeni.

II. Komite na kambi

Mtu atajibu: Leopold alikuwa mbaya, tutafute mwenye inchi aliye bora. Tutazame basi Katanga. Mwaka wa 1900 liliundwa Comité Spécial du Katanga. Serkali ilikuwa na theluthi mbili, kompani theluthi moja. Komite hiyo haikugawa mashamba na madini tu. Hata mwaka wa 1910 ndiyo iliyotawala Katanga, yenye maofisa wake na askari wake. Kisha Ubelgiji ikaondoa utawala mikononi mwake, ikamwachia mali. Wabelgiji wenyewe, ambao hawakuwa adui wa makompani, walikuwa wamekwisha kutambua kwamba kazi hizi mbili si kazi moja.

Ndani ya Katanga hiyo Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilijenga kambi zake. Tangu karibu mwaka wa 1928 ilitaka wafanyakazi wakae na wake na watoto wao. Ikajenga nyumba, hospitali, mahali pa kupima watoto wachanga. Shule za kambi ziliongozwa na wamisioni. Watu walipewa posho kila juma. Lazima tuseme kweli: watoto walipona waliokuwa wakifa, na wengi walijifunza kusoma. Kama kuna mahali ambapo mwenye inchi aliwatunza watu wake kwa sababu ya faida yake mwenyewe, ni hapo.

Lakini mwezi wa Desemba 1941, bei za vitu zilipopanda kwa vita, wafanyakazi waliomba waongezewe mshahara. Wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, na askari wa koloni wakawapiga risasi. Makumi walikufa. Basi kompani ilijenga nyumba kwa fedha yake, lakini siku ya ugomvi bunduki ilitoka serkalini. Na mtu wa kambi hakuwa na mahali pa kushitaki, kwani mwenye kazi ndiye mwenye nyumba, tena ndiye mwenye shule na hospitali. Siku ya kufukuzwa kazini ilikuwa siku ya kufukuzwa nyumbani.

III. Eklezya naye alimiliki inchi

Ingekuwa haya kuzihesabu dhambi za wafalme na za makompani tu, tukasahau nyumba yetu. Sisi mapadri tumekuwa wenye vilima vilevile.

Mpala, kwenye ziwa Tanganyika, ilijengwa na ofisa Émile Storms mwaka wa 1883. Mwaka wa 1885 aliwaachia Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie alikuwa na ndoto ya ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, na kwa ndoto hiyo Kapiteni Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, alikuja kuwalinda watu na wafanya biashara ya watumwa. Waliokombolewa walikusanyika karibu na misheni. Walipewa shamba, walijengewa kijiji, walifundishwa. Padri alikuwa mchungaji, mwenye shamba, mwamuzi wa magomvi, na Kapiteni alikuwa upanga wake.

Matunda yalikuwako, nani atayakana? Katika inchi hiyo hiyo ya Mapadri Weupe alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri Baudouinville mwaka wa 1917, Mkongo wa kwanza kati ya mapadri wa nyakati hizi. Kila mseminari anayesoma ukurasa huu ni mdogo wake Kaoze. Lakini tuulize pia: kijana wa kijiji kile aliyetaka kuoa kwa namna ya wazee wake, au kulima mahali pengine, au aliyeona kwamba Padri amemhukumu vibaya, alimwendea nani? Aliyemhukumu ndiye aliyempa shamba, na ndiye atakayemwungamisha Jumamosi. Mtu mmoja alikuwa ameshika mlango wa shamba na mlango wa mbingu pamoja. Mzigo huo ni mzito hata kwa mtu mwema.

Tume ile ya miaka ya 1904 na 1905 ililaumu vilevile mashamba yenye kapela ya Wayezuiti katika Kwango, kwa sababu ya watoto waliowekwa humo chini ya ulinzi wa misheni. Wamisioni walijibu na kujitetea. Mwaka wa 1906 Kiti Kitakatifu na Serkali ya Leopold walipatana: kila misheni itakayofungua shule itapewa hekta 100 mpaka 200. Hivyo misheni nyingi zetu zimepata vilima vyake. Hatusemi haya kuwadharau wazee wetu wa imani. Tunayasema kwa sababu mzee wa Nyamitaba angeweza kutuuliza sisi vilevile juu ya shamba la parokia.

IV. Kivu na Masisi

Sasa turudi nyumbani. Kivu iligawanywa polepole, kipande kwa kipande. Mwaka wa 1902 kompani ya reli ya Maziwa Makubwa ilikuwa imeahidiwa mamilioni ya hekta. Mwaka wa 1925 ilikatwa mbuga ya Parc Albert, ndiyo Virunga ya leo. Tarehe 13 Januari 1928 liliundwa Comité National du Kivu, kwa mfano wa lile la Katanga. Komite ya Kivu haikupewa kutawala watu. Ilipewa kugawa inchi, na watu wengi hawakuona tofauti, kwani aliyegawa inchi ndiye aliyeamua nani atakaa na nani atahama.

Wakoloni Wazungu walikuja Masisi kwa sababu ya baridi yake na udongo wake mwekundu na mweusi. Wakapanda kahawa, kwinini, pareto, chai, wakafuga ng'ombe. Walihitaji mikono. Upande wa pili wa volkano, Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa kali. Ile ya miaka ya 1928 na 1929 wazee waliita Rwakayihura. Serkali ikaanzisha mwaka wa 1937 kazi ya kuhamisha Banyarwanda, Mission d'Immigration des Banyarwanda. Ilidumu mpaka 1945, ikarudiwa toka 1949 mpaka 1955. Makumi ya maelfu ya watu waliletwa, wengi wao katika Gishari, sehemu ya inchi ya Bahunde.

Jinsi Gishari ilivyopatikana ni fundisho kubwa. Serkali ilipatana na wakubwa wa Bahunde, ikalipa fedha, ikaandika karatasi. Kwa Mbelgiji, karatasi ile ilikuwa ununuzi: inchi imekwisha kutoka. Kwa desturi yetu, mwami hawezi kuuza inchi kama mbuzi; anaweza kumpokea mgeni, kumpa mahali pa kukaa, na mgeni atatoa heshima yake na kuhesabiwa kati ya watu wa mwami. Karatasi moja, maneno mawili. Kisha Gishari ikafanywa utawala wa peke yake, wenye chefu Mnyarwanda. Mwaka wa 1957 utawala huo ukafutwa, watu wakarudishwa chini ya Bahunde. Mara mbili katika miaka ishirini watu wa vilima vile walibadilishiwa mtawala pasipo kuulizwa, wale waliofika wala wale waliowakuta.

Hivyo wakatokea katika Masisi watu nusunusu. Mmoja alikuwa na kipande cha udongo alichopimiwa na Mzungu, lakini hakuwa na neno katika baraza. Wa pili alikuwa na baraza na makaburi ya babu zake, lakini udongo ulikuwa umekwenda kwa Komite. Kila mmoja alishika nusu ya haki, akamwona mwenzake kuwa mwizi wa nusu ya pili. Aliyezikata nusu hizo alikuwa amekwisha kwenda zake Ulaya.

Uhuru wa 1960 haukuziunganisha. Sheria ya Bakajika ya 1966 na sheria ya inchi ya tarehe 20 Julai 1973 zilisema kwamba udongo wote ni wa Serkali. Sheria hiyo ya 1973 iliahidi kwamba haki za wanavijiji juu ya inchi wanayoikaa zitapangwa kwa amri ya Raisi wa Jamhuri; miaka makumi ilipita, amri haikuja. Tarehe 30 Novemba 1973 mali za wageni zilitangazwa kuwa za Wazaire, na mashamba ya wakoloni yakaangukia mikononi mwa watu wenye jamaa katika utawala. Mkoloni aliondoka, konsesyo ikabaki, na mwanakijiji akabaki nje ya waya wake. Mahali pengi kahawa iling'olewa, ng'ombe wakaingizwa, kwa maana ng'ombe anahitaji watu wachache. Hapo neno salongo, ambalo lilikuwa jina la kazi ya taifa kwa faida ya wote, likageuka kuwa jina la kodi ya mwenye kilima.

Uraia nao ulitolewa na kuondolewa: sheria ya 1972 iliwapa Banyarwanda wengi, ile ya 1981 ikawanyang'anya. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu ya watu wakafa. Hatusemi kwamba inchi peke yake iliwaua. Siasa, uraia, maneno mabaya ya viongozi yalikuwamo. Lakini pale ambapo hakimu na mwenye shamba ni mtu mmoja, au jamaa moja, ugomvi wa mpaka wa shamba hauna mahali pa kwenda isipokuwa kwenye panga. Baadaye katika Walikale hiyo hiyo, kwenye mgodi wa bati wa Bisie, uliojulikana toka karibu mwaka wa 2002, tuliona mwisho wa njia hiyo: mwenye bunduki akawa mwenye kilima, akatoza kila anayepanda na kila anayeshuka.

V. Distinguo

Wateolojia wetu walitenga zamani maneno mawili: dominium, ndiyo haki ya mwenye mali juu ya vitu, na iurisdictio, ndiyo mamlaka ya mtawala juu ya watu. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba ni halali mtu kumiliki vitu kwa kuvitafuta na kuvipanga, lakini katika kuvitumia avihesabu kama vya wote, na awe tayari kuwagawia wenye shida. Papa Leo wa Kumi na Tatu, mwaka wa 1891, alitetea kwa nguvu haki ya kumiliki, na aliitetea hasa kwa ajili ya mfanya kazi, kusudi awe na chake. Papa Pio wa Kumi na Moja, mwaka wa 1931, alifundisha kwamba kazi ambayo jamaa ndogo inaiweza, ile kubwa isimnyang'anye. Basi Eklezya si adui wa mwenye shamba, wala haitaki serkali imeze kila kitu. Mwenye kilima akichimba barabara, Mungu ambariki.

Lakini kumiliki udongo si kumiliki watu wanaokaa juu yake. Mfalme Ahabu alikuwa na kiti cha enzi. Akataka na shamba la mizabibu la Naboti, lililokuwa karibu na nyumba yake. Mamlaka na tamaa ya mali zilipokutana katika nyumba moja, mashahidi wa uwongo walipatikana upesi, na Naboti akapigwa mawe. Historia yetu imeonyesha mara nyingi njia ya pili ya mkutano huo: mwenye shamba anayetaka kiti cha enzi. Damu ni ile ile.

Kwa hiyo tungemjibu mzee wa Nyamitaba hivi. Mwenye kilima amekufanyia mema, umshukuru. Kabla ya kumwita serkali, ujiulize mambo matatu. Akikudhulumu, yuko nani juu yake utakayemwendea? Ukitaka kuondoka, una mahali pa kwenda? Akifa, au akiuza kilima chake kesho, wewe utakuwa nani? Kama huna jibu, yeye ni bwana, hata akiwa bwana mwema, na wewe si raia. Serkali mbovu ni ugonjwa, tunaukubali. Lakini serkali mbovu tunaweza kuidai, kwa sababu ni yetu. Kilima cha mtu hatuwezi kukidai.

Iko njia nyingine iliyoanza kufunguka. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamaa za vijijini kupewa msitu wao kwa hati, mpaka hekta 50.000, pasipo mwisho wa miaka, nao wauongoze kwa desturi yao na kwa baraza lao. Katika Walikale jamaa kadhaa zimekwisha kupata hati hizo. Hapo si mtu mmoja anayemiliki jamaa. Ni jamaa inayomiliki udongo, na juu yake iko sheria ya wote. Dawa hiyo si kamili. Itauliza bado ni nani anayehesabiwa katika jamaa na nani anaachwa nje, na Masisi inajua uchungu wa swali hilo. Lakini tunaona kwamba imeshika mambo mawili pamoja ambayo Komite iliyatenga: udongo na neno katika baraza.

Nasi mapadri tuanze nyumbani. Parokia nyingi zina shamba, na juu ya shamba hilo wanalima watu pasipo karatasi, kwa neno la mdomo la padri aliyehamishwa zamani. Padri mpya akifika, wanatetemeka. Tuandike majina yao, mipaka yao, na miaka yao. Nakala moja ikae kwao, si kwetu tu. Na wakigombana nasi juu ya mpaka, tusiketi sisi wenyewe katika kiti cha hakimu. Tuite wazee walio nje ya misheni. Mseminari anayejitayarisha kupokea parokia ajifunze jambo hili mapema kama anavyojifunza rubrika za Misa. Siku ile makatekista wa Nyamitaba hawakutuambia wazi, lakini tulipotoka tuliona mashamba ya maharagwe karibu na ukuta wa kanisa, na tukaelewa kwa nini walinyamaza.